Kuzunguka Kusini mwa Unguja kwa Siku Moja na Dereva wa Kukodi: Mwongozo Kamili

Unguja ukiitazama kwenye ramani ni kisiwa kidogo: urefu kama kilomita 85, upana usiofika 40. Ndiyo maana wageni wanaotoka Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi kwa mapumziko ya siku mbili tatu humwambia dereva, "Tuzungushe kisiwa kizima." Dereva atakubali, maana ndiyo kazi yake, na siku itaishia barabarani. Kutoka Nungwi hadi Kizimkazi ni zaidi ya kilomita 100, na barabara hukatiza vijiji vyenye matuta, watoto wa shule, baiskeli na magari ya ng'ombe. Ukijumlisha kwenda, kurudi na foleni ya Mwanakwerekwe, nusu ya mchana imekwisha na hujaloa hata kifundo cha mguu.

Chagua upande mmoja. Hapa tumechagua kusini na kusini-mashariki: Jozani, Jambiani, Kizimkazi Dimbani na Paje, kwa kuanzia na kumalizia Mjini. Ni kama kilomita 160, au karibu 200 ukiongeza Michamvi. Upande huu una msitu, kijiji cha wakulima wa mwani, msikiti wa karne nyingi na ufukwe mrefu, vyote kwenye njia moja isiyokulazimisha kurudi nyuma sana. Mpangilio wake lakini hauamuliwi na ramani. Unaamuliwa na bahari.

Kwanza, tazama maji

Fanya hivi kabla hata ya kumtafuta dereva. Pwani ya mashariki ina bahari ya ndani isiyo na kina, iliyozibwa na mwamba kwa mbali. Maji yakijaa, unaogelea hatua chache kutoka mchangani. Yakipwa, hasa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, ufukwe hubaki wazi hadi karibu kilomita nzima, na anayetaka kuogelea atatembea mpaka achoke, maji yakiwa bado magotini. Mgeni aliyefika Paje saa tano asubuhi siku ya bamvua hulalamika kwamba "bahari haipo". Bahari ipo, yeye ndiye aliyefika wakati wa mwani.

Kanuni ya kukadiria ni nyepesi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Tofauti ya kina hupita mita tatu. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka: maji yamejaa saa nne au saa tano asubuhi na yanapwa jioni. Hayo ndiyo maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Mwenye kalenda ya Kiislamu nyumbani ataona tarehe zake kwa urahisi: bamvua huangukia mwanzoni mwa mwezi na katikati yake.

Thibitisha kwa jedwali la maji la bandari ya Zanzibar, linalopatikana kwenye intaneti. Hapo kuwa mwangalifu: majedwali hutumia saa za kizungu. Likiandika 10:30, ni saa nne na nusu asubuhi. Kosa hilohilo huharibu miadi ya kuchukuliwa hotelini, kwa sababu mhudumu anayesoma ujumbe wako anaweza kuielewa "saa 1:30" kuwa ni mchana.

Kwa ratiba iliyomo humu, siku nzuri kuliko zote ni ya bamvua. Asubuhi unawaona wakulima wa mwani kazini, jioni unaogelea Paje maji yakiwa tele. Siku ya maji mafu geuza mpangilio: ogelea kwanza Paje au Jambiani, nenda Kizimkazi mchana, umalizie Jozani kabla hawajafunga. Usipange kuona mwani siku hiyo, kwa sababu maji hayashuki vya kutosha na wakulima wengi hukaa nyumbani.

Angalia pia msimu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua huweza kunyesha tangu asubuhi mpaka jioni, na njia za vumbi zinazoteremka ufukweni hugeuka madimbwi. Upepo wa kusi, Juni hadi Septemba, huleta baridi kidogo na mawimbi Paje. Mwezi wa Julai, Makunduchi huwa na sherehe za Mwaka Kogwa, na barabara ya kusini hujaa magari. Ukitaka kuziona sherehe, zipe siku yake peke yake.

Kumpata dereva

Kuna milango mitatu. Wa kwanza ni hoteli au nyumba ya wageni unakolala. Bei itakuwa juu kidogo kwa sababu aliyekuunganisha ana fungu lake, lakini gari likiharibika kuna mtu wa kumgongea mlango. Wa pili ni kampuni ya matembezi yenye leseni. Huyo anakufaa ukiwa na kundi kubwa au ukihitaji risiti. Wa tatu ni dereva mwenyewe, uliyepewa namba yake na ndugu au rafiki aliyesafiri naye. Huu ndio bora kwa familia, maana bei ni ya moja kwa moja na sifa zake zimeshasemwa na mtu unayemwamini.

Mlango wa nne, wa papasi anayekufuata kutoka geti la bandari mpaka Darajani, uache. Wengine ni vijana wazuri tu, ila mara nyingi si wenye magari. Atakupatanisha bei, kisha ataiuza kazi kwa dereva mwingine kwa bei ya chini, na yule dereva atakuja akiwa na kinyongo na mafuta ya kubahatisha. Mtu akijitambulisha kuwa ni mtembezaji wageni, muombe kitambulisho chake cha Kamisheni ya Utalii. Mwenye nacho hachukii kuulizwa.

Muulize dereva maswali mawili ya kumpima. La kwanza: "Siku hiyo maji yanajaa Paje saa ngapi?" Akijibu bila kubabaika, au akasema "ngoja nitazame nikwambie" na kweli akarudi na jibu, huyo anaijua kazi. La pili: "Tukianza Jozani, unatushauri tuelekee wapi?" Dereva mzuri atakuuliza kwanza kama mna watoto, kama mnaogelea, na kama kuna mzee asiyeweza kutembea mbali.

Bei imejengwa na nini

Bei za magari hubadilika na msimu, kwa hiyo kuitaja namba hapa ni kukupotosha. Bora ujue inavyojengwa. Chukua kilomita 160. Gari la familia la siti saba, kama Noah au Alphard, likiwa na kiyoyozi kinachofanya kazi mchana kutwa, hula lita moja kwa kilomita nane au tisa. Hiyo ni lita 18 hadi 20. Gari dogo linaloenda kilomita 12 au 13 kwa lita litatumia kama lita 13. Zidisha kwa bei ya mafuta ya mwezi huo, ambayo ZURA, mamlaka inayosimamia maji na nishati Zanzibar, huitangaza kila mwezi. Umeshapata gharama isiyopungua. Juu yake weka ujira wa mtu anayefanya kazi saa 12, uchakavu wa gari na fungu la mwenye gari, kwa sababu madereva wengi hawamiliki magari wanayoendesha na jioni wana hesabu ya kupeleka.

Ukishafanya hesabu hiyo utajua pa kuacha kubishana. Ukimkandamiza dereva mpaka asibakiwe na kitu, fedha yake ataitafuta kwingine: kiyoyozi kitazimwa "ili injini ipumue", na gari litasimama kwenye maduka ya viungo na vinyago ambako hupewa chochote kwa kuleta wageni. Lipa bei ya haki, kisha sema waziwazi tangu mwanzo kama mnataka kupita madukani au la. Kama mnataka, tengeni nusu saa.

Vya kukubaliana ni hivi, na kila kimoja kitamkwe: bei ni ya gari zima au ya kichwa, mafuta ni juu ya nani, maegesho ni juu ya nani, viingilio vya Jozani na kwingine ni juu ya nani (kwa kawaida ni vya mgeni, na raia na wageni wa nje hulipa viwango tofauti), chakula cha mchana cha dereva, saa ya kurudi na malipo ya kila saa ikizidi. Hilo la mwisho ndilo huzua ugomvi wa jioni. Mgeni anahisi amekodi gari kwa siku, dereva anahisi amekodiwa mpaka magharibi.

Kisha andika yote kwenye ujumbe mmoja. Mfano huu unatosha:

"Assalaam aleikum kaka. Tunathibitisha safari ya Jumamosi. Tupo watu wazima wanne na mtoto mmoja. Gari ni ileile Noah uliyotutumia picha, na utaendesha wewe mwenyewe. Utuchukue saa moja na nusu asubuhi Malindi, mbele ya hoteli. Njia: Jozani, Jambiani, Kizimkazi Dimbani, Paje, kisha kurudi Mjini saa mbili usiku. Bei tuliyokubaliana ni ya gari zima, mafuta na maegesho yamo. Viingilio na chakula chako cha mchana juu yetu. Tukipitiliza saa mbili usiku tutaongeza kiasi tulichotaja kwa kila saa. Kishika uchumba tumetuma leo, iliyobaki tutakukabidhi tukishuka. Ukikubali tujibu."

Kishika uchumba kisipungue gharama ya mafuta, ili ajaze tangi usiku wa kuamkia safari. Kisizidi theluthi ya bei. Anayedai yote mapema mwachie, tafuta mwingine.

Kulikagua gari

Dakika tano zinatosha, na fanya kabla mizigo haijapakiwa, maana ikishapakiwa utaona haya kukataa. Tazama matairi yote manne: kashata zake zionekane bado, na ubavuni kusiwe na mpasuko. Barabara kuu za kusini ni za lami, lakini vijia vya kuteremkia ufukweni vimejaa mawe ya matumbawe yenye makali, na hayo ndiyo hupasua tairi. Muombe dereva akuoneshe spea, jeki na spana ya magurudumu. Spea ikiwa haina upepo ni sawa na kutokuwepo. Vuta mikanda ya siti za nyuma uone inafunga, kwani kwenye magari mengi imefunikwa na vitambaa vya siti. Washa kiyoyozi, taa na waipa. Mkiwa na mtoto mdogo, kiti chake njooni nacho, ni nadra kukikuta kwenye gari.

Karatasi ni kazi ya dereva, ila uliza: leseni, bima, na ruhusa ya kubeba abiria wa kulipa. Njiani kuna vituo vya polisi, na gari lisilo na ruhusa litakuchelewesha wewe, si yeye peke yake. Kodi mtu na gari lake halali, usikubali kufundishwa useme "mimi ni ndugu yake".

Ikija gari nyingine au dereva mwingine asiyekuwa kwenye mapatano, usipande kwanza. Mpigie uliyepatana naye hapohapo. Ikiwa gari ni zima na sababu inaeleweka, endelea kwa bei ileile. Ikiwa gari ni bovu kuliko lile la picha, omba bei ipungue au rudishiwa chako.

Vya kubeba

Fedha taslimu za noti ndogo, kwa sababu nje ya Mjini mashine za benki ni chache na chenji ni shida. Maji, angalau lita moja na nusu kwa kila mtu. Kofia, na kanga mbili: moja ya kujifuta, moja ya kujifunga vijijini. Viatu vya plastiki vinavyoshika mguu, yeboyebo zinafaa sana. Kandambili huchomoka kwenye tope la mwani, na chini ya maji kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi inayovunjikia ndani ya nyayo. Pakua ramani ya Unguja kwenye simu kabla ya kuondoka, na chukua waya wa kuchajia wa kwako.

Kitambulisho kikae mfukoni siku nzima, si hotelini. Watanzania wa bara hutakiwa kuwa nacho, na wageni wa Kenya, Uganda au Kongo wawe na pasipoti pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano waliyoingia nayo.

Saa moja na nusu asubuhi: kutoka Mjini

Kutoka mapema kunakuepusha na msongamano wa Amani na Mwanakwerekwe. Njia inapita Tunguu, kisha mashamba yanapungua na vichaka vya ardhi ya mawe vinaanza. Jozani ni kama kilomita 35, dakika 50 hadi saa nzima. Mkikaribia hifadhi, gari lipunguze mwendo hata kama barabara iko wazi. Kima punju huvuka barabara hapo kwa makundi, wengine wakiwa wamebeba watoto, na matuta yaliwekwa baada ya wengi kugongwa na magari. Mwambie dereva asipite kwa kasi, na asisimame katikati ya barabara ili mpige picha dirishani.

Saa mbili na nusu: Jozani

Hii ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004. Mlango wake uko kando ya barabara kuu. Lipa, pokea risiti, na utapewa muongozaji wa hifadhi. Dereva hubaki na gari, na asikudai ada ya kukuongoza humo ndani.

Matembezi yana sehemu tatu. Kuna msitu wa mitondoo, mbichi na wenye kivuli, ardhi yake ya maji. Kuna eneo la kima punju, mnyama asiyepatikana porini popote duniani ila Zanzibar: mgongo mwekundu, uso mweusi, nywele nyeupe zilizosimama kichwani. Na kuna daraja la mbao katika mikoko ya Pete, ambalo baadhi ya wageni hulikosa kwa sababu liko ng'ambo, mbali kidogo na mlango. Ulizia mapema kama linapitika siku hiyo. Siku ya bamvua, asubuhi kama hii, maji yatakuwa yanatoka, na mizizi ya mikoko itakuwa wazi pamoja na kaa wanaokimbilia mashimoni. Mwenye kutaka kuona maji yakipita chini ya mbao aje jioni.

Kima hawa wamezoea watu kiasi kwamba watakaa tawi la juu ya kichwa chako wakitafuna majani machanga. Kaa umbali wa mita tatu au zaidi, usiwape chakula, na mwenye mafua asisogee kabisa, kwa sababu magonjwa yetu huwapata. Picha ya kujipiga huku umemsogelea mgongoni muongozaji ataikataza, na ana haki.

Kabla ya kuondoka Jozani, piga simu moja muhimu: agiza chakula cha mchana Kizimkazi. Migahawa midogo ya kijijini hupika ukifika, na samaki wa kuchoma au pweza wa nazi kwa watu watano huchukua saa nzima au zaidi. Ukiagiza saa tatu na nusu, saa saba utakuta sahani mezani. Dereva huwa na namba za wapishi. Mwambie pia ahesabu sahani yake.

Saa nne na robo: Jambiani, maji yamepwa

Baada ya Jozani mnafika Kitogani, barabara inapogawanyika: moja huenda Kizimkazi na Makunduchi, nyingine Paje. Shikeni ya Paje, kisha pindeni kusini kwenda Jambiani. Kilomita 20 na kitu, nusu saa.

Jambiani ni kijiji kirefu kilichojipanga kando ya ufukwe. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na hapa na Paje ndipo kilipoanzia. Siku ya bamvua utawaona wanawake wakiwa wameinama kwenye safu za vigingi vifupi vilivyopigwa mchangani. Kati ya kigingi na kigingi imevutwa kamba, na kwenye kamba vimefungwa vishada vya mwani kwa nyuzi nyembamba, kimoja kimoja kwa mkono. Vikikua hukatwa, hujazwa kwenye magunia na kuburutwa majini hadi nchi kavu, kisha mwani huanikwa. Gunia lililoloa ni zito kuliko linavyoonekana.

Hapo ni kazini kwa watu. Pita pembeni mwa safu, usikanyage kamba, kwani kishada kikichomoka ni hasara ya mtu. Salimia kabla ya kuinua kamera: "shikamoo bibi" kwa mkubwa, na uombe ruhusa ya kupiga picha. Akikataa, basi. Ukitaka maelezo, mwombe dereva akutafutie mwenyeji anayetembeza wageni mashambani, umlipe yeye. Maji yakianza kurudi, nawe rudi. Yanajaa upesi katika mifereji iliyo nyuma yako kabla hujayaona mbele yako, na wenye watoto wasiende mbali.

Mabega na magoti yafunikwe ndani ya kijiji. Nguo za kuogelea mwisho wake ufukweni.

Saa sita hadi saa nane na nusu: Makunduchi na Kizimkazi Dimbani

Barabara ya Jambiani kwenda Makunduchi ni tulivu, na kutoka hapo hadi Kizimkazi si mbali. Jumla ni nusu saa na ushei. Kizimkazi ni vijiji viwili, Dimbani na Mkunguni. Mwambie dereva Dimbani, maana msikiti uko huko.

Kwa nje hutaudhania: kuta za kawaida na paa la mabati. Ndani, kwenye mihrabu, kuna maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Sehemu kubwa ya jengo lilivyo sasa ni ya ukarabati wa karne ya 18. Ni msikiti unaosaliwa hadi leo, kwa hiyo usiingie wakati wa sala. Kwa ratiba hii mnafika karibu na adhuhuri. Acheni watu wasali, nyinyi kaleni, kisha nendeni baada ya sala. Mtafute mwangalizi, vua viatu, jifunike. Wanawake waulize kwanza utaratibu. Sadaka huwekwa msikitini, haidaiwi.

Ikiwa ni Ijumaa, dereva Mwislamu atahitaji nafasi kuanzia saa sita na nusu hadi saa saba na nusu. Hapo Dimbani ndipo pa kumpa, wala hamtapoteza kitu. Mwezi wa Ramadhani mambo hubadilika zaidi: migahawa ya wenyeji hufungwa mchana, kula na kunywa hadharani vijijini ni kuwakosea adabu waliofunga, na dereva anataka kuwa nyumbani kabla ya futari. Mwezi huo ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mrudi saa kumi na moja jioni, hata kama ni kuiacha Paje.

Kuhusu pomboo: Kizimkazi inajulikana kwa boti za kwenda kuwatazama, na mtu atawafuata kuwauzia safari hiyo. Boti hutoka asubuhi, kwa hiyo haikai kwenye ratiba hii. Anayetaka kwenda atenge asubuhi yake nzima, achague nahodha anayezima injini kwa mbali na kungoja. Boti nyingi kulizunguka kundi moja, watu wakirushwa majini mbele yao, huwafukuza pomboo wakati wa mapumziko yao.

Saa tisa na nusu: Paje, maji yanajaa

Kutoka Kizimkazi rudini kupitia Makunduchi au Kitogani, karibu dakika 40. Maji sasa yanaingia, na hadi saa kumi na robo mchanga mweupe wote umefunikwa. Ogeleeni hapa. Upepo ukiwa mkali, wachezaji wa tiara za baharini hujaa katikati ya ufukwe. Kamba zao ni nyembamba, zimekazwa, na humkata mtu. Tembeeni mpaka pembeni ambako hakuna tiara.

Gari libaki mahali pagumu. Dereva mgeni wa eneo hujaribu kusogea mpaka kwenye minazi, na gari dogo huzama mchangani kwa sekunde chache. Likizama, asiendelee kukanyaga mafuta, atalichimbia tu. Shukeni wote, fukueni mchanga mbele ya magurudumu yanayovuta, tandikeni makuti au mazulia ya gari, punguzeni upepo wa matairi kiasi, kisha atoke taratibu kwa gia ya kwanza huku mkisukuma. Upepo ujazwe tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Mkiwa na nguvu bado, Michamvi iko kama kilomita 18 kaskazini ya Paje. Upande wa Pingwe kuna mgahawa uliojengwa juu ya jiwe baharini: maji yakipwa unakwenda kwa miguu, yakijaa kwa mashua. Nafasi yake ni lazima iwekwe mapema. Upande wa Kae unatazama magharibi juu ya ghuba ya Chwaka, ndiyo sehemu ya kuonea jua likizama. Mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika 50. Lakini Michamvi inaongeza karibu saa nzima ya barabara, na maoni yetu ni kwamba wenye watoto wadogo waiache.

Kurudi

Paje hadi Mjini ni kama kilomita 50, saa nzima na robo gizani. Giza huingia ghafla, na barabarani kuna baiskeli zisizo na taa na ng'ombe waliolala kwenye lami iliyohifadhi joto. Dereva amekuwa macho tangu alfajiri. Abiria mmoja akae mbele na azungumze naye. Akianza kupiga miayo, simameni Tunguu anywe chai, dakika kumi hazimuumizi mtu.

Mkifika, shusheni kila kitu kwanza, tazameni chini ya siti na mifuko ya milango, kisha mlipe. Hesabuni mbele yake. Bakhshishi si lazima, ila dereva aliyewasubiri msikitini, akawaagizia chakula na kuwarudisha salama anastahili kitu juu ya bei. Mpe yeye mkononi, si kwa mtu wa hotelini.

Kwa wanaokuja na boti ya asubuhi na kurudi siku hiyohiyo

Ratiba yote iliyo hapo juu haiwafai. Boti ya saa moja kutoka Dar huwafikisha Malindi karibu saa tatu, na kutoka bandarini huchukua nusu saa nyingine. Boti ya mwisho ya kurudi huwa alasiri kati ya saa tisa na nusu na saa kumi, na bandarini mnatakiwa kuwepo saa nzima kabla. Zinabaki saa tano. Chukueni moja kati ya haya: Jozani peke yake kisha Forodhani na Darajani kwa miguu, au upande wa Bububu, mkapite mashamba ya viungo ya Kizimbani na hamamu ya Kidichi iliyojengwa mwaka 1850 zama za Seyyid Said. Mpango wowote mtakaoshika, gari ligeuze kurudi Mjini saa saba kamili, na muda huo uandikwe kwenye ujumbe wa mapatano.